Namna ya Kutumia Soya, Maharage na Mikunde Mingine Kama Chanzo cha Protini Katika Chakula cha Kuku, Nyanda za Juu Kusini

Mfugaji wa kuku aliyeko Mbeya, Iringa au Njombe hana shida kubwa ya vyakula vya nguvu, kwa kuwa mahindi yanalimwa karibu naye na pumba zinapatikana katika kila mashine ya kukoboa na kusaga. Kinachomtoa jasho ni protini. Dagaa wengi wanaosagwa kuwa chakula cha mifugo husafiri kutoka Ziwa Victoria, na wale wanaovuliwa Ziwa Nyasa upande wa Kyela hugombewa kwanza na walaji wa kawaida. Kwa hiyo kinachofika kwenye duka la pembejeo mara nyingi ni vumbi la dagaa lenye mchanga mwingi, kwani dagaa huanikwa chini ufukweni, na mchanga huo unauzwa kwa bei ileile ya samaki. Wakati huohuo, ukanda huu unazalisha maharage kwa wingi, soya inalimwa kuanzia Mbozi hadi Ruvuma, na kila msimu wa mavuno huacha chenga na maharage yaliyochambuliwa ambayo wafanyabiashara huyauza kwa bei ya chini.

Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyageuza mazao hayo kuwa chakula salama cha kuku. Mambo mawili ndiyo yanayoamua kama kazi itafanikiwa au itaharibika, nayo ni moto unaotumika kuyaandaa na chakula kinachooanishwa nayo. Mengine yote ni rahisi.

Mkunde upi uchaguliwe

Soya ndiyo ya kwanza, wala haina mpinzani wa karibu. Punje kavu ya soya ina protini ya takribani asilimia 36 hadi 40 na mafuta ya asilimia 18 hadi 20, kwa hiyo humpa kuku protini na nguvu kwa pamoja. Jambo hilo lina uzito katika maeneo kama Makete na Njombe, ambako baridi ya mwezi Juni na Julai humfanya kuku atumie chakula kingi kujipasha joto. Mashudu ya soya, yaani mabaki baada ya kukamuliwa mafuta, hufikia protini ya asilimia 44 au zaidi na ni mazuri yanapopatikana, lakini mfugaji mdogo kwa kawaida hupata punje nzima, na mwongozo huu umejikita hapo.

Maharage yana protini ya asilimia 22 hadi 24 na hayana mafuta ya kutajika, hivyo hayawezi kuchukua nafasi ya dagaa kilo kwa kilo. Faida yake iko katika bei ya chenga. Maharage mazima yanayofaa kwa meza ya binadamu yasilishwe kuku, kwa kuwa sokoni yatamlipa mkulima zaidi kuliko yatakavyomlipa yakipitia kwenye yai. Aina zenye ganda jeupe au la njano zina tanini kidogo kuliko zenye ganda jekundu iliyokolea au jeusi. Tanini hushikamana na protini na kuizuia isimeng'enywe, nayo haiondolewi na moto. Hupungua kwa kuondoa ganda au kwa kuloweka na kumwaga maji.

Kunde, ambazo hustawi zaidi maeneo ya joto kama Ismani na bonde la Usangu, zina protini inayokaribiana na ya maharage na huandaliwa kwa namna ileile. Njegere kavu zina vizuizi vichache kuliko ndugu zake na huhitaji moto mdogo zaidi. Mbaazi zinafaa pia, ila kwa mtu wa Mbeya gharama ya kuzitoa Lindi au Mtwara huondoa maana yake. Mashudu ya karanga yana protini nyingi, lakini yanaongoza kwa hatari ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na mimi binafsi siyaweki kabisa katika chakula cha vifaranga.

Kwa nini mikunde isilishwe mbichi

Mmea wa jamii ya mikunde huilinda mbegu yake isiliwe. Ndani ya soya mbichi mna vizuizi vya tripsini, yaani kemikali inayozuia kimeng'enyo kinachosaga protini ndani ya utumbo. Kuku anayelishwa soya mbichi huifanyisha kongosho kazi ya ziada hadi inavimba, na protini nyingi hupita na kutoka kwenye kinyesi. Mwaka 1917 watafiti wa Marekani, Osborne na Mendel, walionyesha kwamba panya waliolishwa soya hawakukua vizuri mpaka soya hiyo ilipopikwa, na kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Maharage mabichi yana tatizo jingine juu ya hilo: lektini, ambayo ni nyingi hasa katika maharage mekundu, na ambayo huharibu ukuta wa utumbo.

Dalili huonekana kwanza kwa vifaranga. Hudumaa, manyoya hukua vibaya, kinyesi huwa laini na cha kunata, na mfugaji huanza kununua dawa ya kuhara wakati ugonjwa uko ndani ya gunia la chakula. Nimewahi kufanya kosa hilo mwenyewe, nikiamini kwamba soya ikisagwa laini sana itakuwa imeiva vya kutosha kwa joto la mashine. Mashine hupasha unga joto kidogo tu na haipiki kitu.

Kukaanga soya

Anza na soya kavu iliyopembuliwa mawe, punje zenye ukungu na punje zilizokunjamana. Punje zilizotiwa dawa ya mbegu, ambazo mara nyingi huwa na rangi nyekundu, kijani au bluu, zisitumike kwa vyovyote, hata zikioshwa.

Weka karai pana au pipa la chuma lililopasuliwa katikati juu ya moto wa wastani. Ukiweza, tanguliza mchanga safi ulioshwa na uupashe moto hadi ushike joto sawasawa, kisha mimina soya ndani yake. Mchanga huo huzunguka kila punje na kuzuia upande mmoja kuungua huku mwingine ukiwa mbichi, na baadaye hutenganishwa kwa chekeche. Koroga bila kuacha. Kwa karai lenye soya isiyozidi sentimita tano kwa kina, kazi huchukua kati ya dakika 20 na 30. Soya iliyoiva ina ganda lililopasuka, rangi ya kahawia hafifu inayokaribia dhahabu na harufu ya karanga za kukaanga; ukiivunja katikati, ndani yake nako kumebadilika rangi na hakuna ladha chungu ya maharage mabichi. Ukishaona rangi ya kahawa iliyokolea, umepitiliza: joto likizidi huiharibu lisini, yaani kimojawapo cha viungo vidogo vinavyounda protini, na lisini ndiyo sababu kubwa ya kuitafuta soya. Ikishaiva imwage mara moja juu ya sakafu safi na uitandaze, kwa sababu ikiachwa kwenye rundo huendelea kujipika yenyewe.

Kuhusu kuni, wafugaji wa Mafinga na vijiji vinavyozunguka msitu wa Sao Hill wanayo mabanzi ya mbao kwa bei ndogo, na kwingineko magunzi ya mahindi hutosha. Vipande vya nguzo zilizotiwa dawa visiingie kwenye moto huo, kwani moshi na majivu yake vina sumu.

Asiye na chombo cha kukaangia anaweza kuchemsha. Hapa jiografia ya kwetu inaingia. Mji wa Mbeya uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, huku Njombe yakichemka chini kidogo ya hapo. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam au Morogoro husema dakika 30 tangu maji yanapochemka. Sisi tuongeze hadi dakika 40 au 45. Baada ya hapo maji humwagwa na soya huanikwa kwenye turubai hadi punje ivunjike kwa mlio inapogongwa. Kuchemsha ni salama zaidi kwa anayejifunza kwa kuwa ni vigumu kuunguza, lakini kunadai jua la uhakika. Kati ya Novemba na Aprili soya iliyochemshwa inaweza kuota ukungu kabla haijakauka, na ukungu huo ni hasara kubwa kuliko ubichi uliokuwa ukiukimbia. Kwa sababu hiyo ni busara kununua soya na maharage wakati wa mavuno, Mei hadi Julai, na kuyaandaa ya miezi kadhaa wakati wa kiangazi.

Kupima kama soya imeiva

Kuna kipimo ambacho maabara hutumia na ambacho kinaweza kufanywa nyumbani kwa namna rahisi. Soya mbichi ina kimeng'enyo kiitwacho urease, ambacho huivunja urea na kutoa amonia, na kimeng'enyo hicho hufa kwa joto linalokaribiana na lile linaloua vizuizi vya tripsini. Chukua chupa mbili zenye vifuniko. Katika moja weka kijiko kimoja cha soya yako iliyosagwa, na katika nyingine kijiko kimoja cha soya mbichi iliyosagwa. Ongeza kijiko cha chai cha mbolea ya urea katika kila moja, kisha vijiko vichache vya maji ya uvuguvugu, tikisa na funga. Baada ya nusu saa fungua na unuse kwa uangalifu. Chupa ya soya mbichi itatoa harufu kali ya amonia, ileile ya banda lenye maranda yaliyolowa. Chupa ya soya iliyoiva haitanuka hivyo, au itanuka kwa mbali sana. Ikiwa chupa zote mbili zinanuka sawa, rudisha soya motoni. Kipimo hiki hakimwambii mfugaji kama soya imeungua, hivyo rangi bado ni shahidi wa lazima. Mchanganyiko wa chupa hizo umwagwe mbali na kuku, na chupa zenyewe zisirudi jikoni.

Maharage na kunde

Kwa maharage, kukaanga peke yake sikupendekezi. Punje huwa kubwa, moto haufiki katikati kwa usawa, na lektini iliyopashwa joto dogo haivunjiki. Loweka kwa saa zisizopungua tano, na usiku mzima ni bora zaidi. Mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha yachemke kwelikweli, na yaendelee kutokota kwa dakika 45 kwa miinuko yetu. Kuyaacha pembeni ya jiko yakiiva polepole kwa makaa yanayofifia hakutoshi hata kama yatalainika. Kisha anika, na saga yakiwa yamekauka kabisa.

Hata yakiandaliwa vizuri, maharage yasizidi kilo 10 katika kila kilo 100 za chakula cha kuku wanaokua, na kwa vifaranga walio chini ya wiki nne nashauri yasiwekwe kabisa. Soya iliyokaangwa vizuri inaweza kufika kilo 20 bila matatizo.

Kuoanisha na mashudu ya alizeti

Protini ni mkusanyiko wa viungo vidogo, na kuku hukwama kwenye kile kilicho pungufu. Mikunde ina lisini nyingi ambayo mahindi yanaikosa, na hilo ni jambo jema. Lakini mikunde yote ina upungufu wa methionini, ambayo kuku huihitaji kwa manyoya na kwa ukubwa wa yai. Mfugaji anayeondoa dagaa na kujaza soya na maharage tu ataona mayai madogo na kuku wanaodonoana manyoya, kisha atailaumu soya.

Bahati yetu ni kwamba mashudu ya alizeti, yanayopatikana kwenye vinu vya kukamulia mafuta Iringa na Mbeya, yako kinyume: lisini yake ni kidogo na methionini yake ni nzuri. Soya na alizeti zikikaa pamoja kila moja huziba pengo la mwenzake. Mashudu yana nyuzinyuzi nyingi za maganda, kwa hiyo yasizidi kilo 15 kwa mia. Methionini ya dukani, gramu 100 kwa kilo 100 za chakula, ni nyongeza ndogo ambayo gharama yake hurudi, na inakuwa muhimu zaidi pale dagaa wanapoondolewa kabisa.

Dagaa pia walikuwa wakileta vitu vingine ambavyo havitajwi kwenye mazungumzo ya protini: kalsiamu, fosforasi, chumvi na vitamini B12. Mimea haina B12, na sehemu kubwa ya fosforasi yake imefungwa katika faiteti ambayo kuku hawezi kuifungua vizuri. Ndiyo maana premiksi, yaani mchanganyiko wa dukani wa vitamini na madini, na mifupa iliyochomwa na kusagwa si vitu vya kubana matumizi.

Mchanganyiko wa mfano

Kwa kuku wa mayai wanaotaga, kilo 100 zinaweza kupangwa hivi: mahindi yaliyoparazwa kilo 47, pumba za mahindi kilo 12, soya iliyokaangwa kilo 15, mashudu ya alizeti kilo 13, dagaa waliosagwa kilo 3, chokaa ya mifugo kilo 8, mifupa kilo moja na nusu, chumvi gramu 250 na premiksi ya kuku wa mayai gramu 250. Tukichukua protini ya mahindi kuwa asilimia 8.5, pumba 10, soya 37, mashudu 27 na dagaa 52, jumla inafika asilimia 15.8, ambayo inakaribia lengo la asilimia 16 kwa kuku anayetaga. Anayetaka kuwaondoa dagaa wote apandishe soya hadi kilo 19, apunguze mahindi hadi kilo 46, na aongeze methionini. Protini itabaki asilimia 15.6 hivi.

Kwa kuku wanaokua, kati ya wiki ya tisa na ya kumi na nane, weka mahindi kilo 47, pumba kilo 18, soya kilo 10, maharage yaliyochemshwa kilo 10, mashudu ya alizeti kilo 12, chokaa kilo moja, mifupa kilo moja na nusu, chumvi gramu 250 na premiksi gramu 250. Hapo protini ni karibu asilimia 15. Kiasi cha chokaa cha kuku wanaotaga kisipewe kuku hawa, kwani kalsiamu nyingi mno huumiza figo zao.

Anayepanga mchanganyiko wake mwenyewe kwa kutumia mraba wa Pearson, yaani hesabu ya mraba inayotafuta uwiano wa vyakula viwili ili kufikia protini inayolengwa, aangalie mtego mmoja. Katika chakula cha kutagia, kilo 10 kati ya 100 ni madini yasiyo na protini, kwa hiyo kilo 90 zilizobaki lazima zibebe protini ya mia nzima. Ukitaka asilimia 16 kwenye gunia, hesabu yako ilenge asilimia 17.8 kwenye vyakula vyenyewe. Wengi hulisahau hilo na kushangaa kuku wakipunguza utagaji.

Kabla ya kununua, linganisha bei kwa kilo ya protini badala ya kilo ya chakula. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika tu, soya imekugharimu shilingi 1,700 kwa kilo pamoja na kuni, na dagaa shilingi 3,500. Gawanya 1,700 kwa 0.37 upate takribani shilingi 4,600 kwa kilo ya protini. Gawanya 3,500 kwa 0.52 upate takribani shilingi 6,700. Weka bei za soko lako la siku hiyo, na usisahau kuhesabu kuni na kibarua wa kukoroga, kwa kuwa hapo ndipo chenga za maharage zinazoonekana za bure hupoteza urahisi wake.

Kusaga, kuchanganya na kuanza kulisha

Soya yenye mafuta yake yote huziba chekeche ya mashine. Isage pamoja na sehemu ya mahindi ya mchanganyiko huo, na mwenye mashine hatakulalamikia. Premiksi, chumvi na methionini zichanganywe kwanza na kilo mbili tatu za mahindi yaliyoparazwa, kisha ndipo zitawanywe juu ya rundo kubwa kwenye sakafu ya saruji. Geuza kwa koleo mara tano kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Soya iliyokaangwa ikiwa nzima hudumu muda mrefu mahali pakavu, lakini ikishasagwa mafuta yake huanza kuchacha, hivyo saga chakula cha wiki mbili tu. Kuku 100 wanaotaga hula kilo 11 hadi 12 kwa siku, basi kilo 100 huisha katika siku nane au tisa. Maharage mabichi yanayongoja kuandaliwa yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ili fukusi wasiyabungue.

Usibadilishe chakula kwa siku moja. Changanya robo ya chakula kipya na robo tatu za kile cha zamani kwa siku tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu, na kikamilishe baada ya siku kumi hivi. Ikiwezekana tenga kuku 20 waendelee na chakula cha zamani kwa wiki nne, na kila wiki pima uzito wa mayai 30 kutoka kila kundi kwa mizani ya jikoni. Uzito ukishuka katika kundi la mikunde ilhali idadi ya mayai haijabadilika, angalia methionini kwanza. Vyote viwili vikishuka pamoja, rudi kwenye zile chupa mbili na urea.